Sahani ya Mgeni

Tangu kila ukoo uliopotelewa na kumbukumbu zake upewe na ofisi ya kumbukumbu sauti ya mzee wake aliyefariki, iliyotengenezwa kutokana na damu ya wajukuu, Bibi Zofia, mkimbizi wa Kipolandi aliyezikwa kambini Tengeru, aliishi kama sauti ukutani jikoni kwa Elinami. Mkesha wa Krismasi aliagiza, "Mjukuu wangu, tenga sahani moja ya mgeni asiyetarajiwa. Ndiyo desturi yetu."

Elinami akaitenga, nani abishane na ukuta?

Alipokuwa akipakua supu ya bitiruti, ofisi ya kumbukumbu ikapiga simu. "Samahani, mama, tulikosea damu. Huyo si wa ukoo wenu. Hata sisi hatujui ni nani."

Elinami akanyoosha mkono aizime sauti.

"Mgeni mwenyewe ni mimi, mjukuu wangu," ikasema taratibu. "Keti, supu inapoa."