Mguu wa Mama Gladness

Alhamisi, tarehe 14 Septemba 1995, bandeji ilifunguliwa, na kidole gumba cha mguu wa kulia wa Theopista, Mama Gladness, kikaonekana kimegeukia upande usio wake.

Kabla ya upasuaji kilikuwa kimewalalia wenzake, na kando yake pana nundu ya mfupa iliyokataa kila kiatu. Sasa nundu haikuwapo, ila kidole kilikuwa kimewapa wenzake mgongo, kinautazama mguu wa kushoto. Masama nzima ikacheka kwamba kimebinafsishwa.

Mumewe, Wenseslaus, hakucheka. Alimpokonya mkewe kadi ya hospitali, akaifungia kwenye sanduku la bati. Ni ushahidi, alisema. Wakubwa wakiishika wataipoteza. Shule aliishia la pili, lakini mhuri anaujua akiuona, na mhuri ulikuwapo.

Miaka minne akapigana nao. Katekista Sylvanus alimwandikia barua kwa mganga mkuu, kwa mkuu wa wilaya, mpaka kwa mbunge. Wachache waliojibu walisema mlete mgonjwa, kidole kinarekebishika. Yeye akasema hakatwi mtu mara ya pili mpaka aliyeharibu mara ya kwanza atajwe jina. Viwanda wameshauza, alisema, sasa wanajifunzia kazi kwenye miguu ya wake zetu.

Theopista akabaki hapo hapo. Mvua ikinyesha mteremko wote ni utelezi, na kiatu kinachomwingia hana. Miaka minne hakufika sokoni Kwa Sadala. Alikwenda kanisani tu, hapo jirani, akasoma somo la Jumapili, akarudi jikoni.

Kilichomchoma zaidi Wenseslaus ni kwamba yeye alitimiza sehemu yake. Wiki zile sita za kuuguza hakupita kilabuni hata siku moja. Jioni akitoka kwenye kahawa alimkuta Theopista ameshaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni, ameketi, mguu ameunyoosha. Wenseslaus alipiga magoti, akamwosha vidole bila kulowesha bandeji, akaupakata mguu mapajani. Hakugomba. Jirani yao Yuditha aliwachungulia kupitia migomba, akamuuliza Theopista kama amepata bwana harusi mpya.

"Usimshtue," Theopista akamjibu kwa sauti ya chini, "asije akakumbuka kilabu."

Juni 1999 Theopista aliteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika mkono. Hapo ndipo Wenseslaus alipokubali kushuka Moshi, na sharti lake mfukoni.

Daktari Tito, kijana, aliwaamkia wote wawili shikamoo. Akaeleza kwamba atalegeza mshipa uliovutika, atanyoosha kidole, atakishikiza kwa waya mpaka kipone. Akasogeza fomu.

"Kwanza umtaje aliyeharibu," Wenseslaus akasema. "Ukimtaja naweka dole gumba."

"Mzee, mimi sikuwapo. Nyumbani mliuguzaje?"

"Nyumbani hakuna kosa. Mimi nanyoosha miguu ya ndama, nanyoosha miche ya kahawa, waulize Masama. Bandeji haikulegea kwangu. Kila jioni niliivuta kidogo, nikafunga tena, kidole kisirudi kwa wenzake."

Daktari akaacha kuandika. Theopista akashusha khanga, akafunika mguu.

Wenseslaus alidhani amemweza. Akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani kwa kishindo. Daktari alitazama mhuri, akageuza upande wa nyuma. Palikuwa na mwandiko wa nesi. Akausoma taratibu, kama anayeomba radhi.

"Bandeji isiguswe wala kukazwa nyumbani. Ikikazwa, kidole kitapinda upande wa pili. Mgonjwa amesoma, ameelewa, ameweka sahihi."

Akamgeuzia kadi. Herufi hazikumwambia kitu Wenseslaus, lakini sahihi ile aliijua; ndiyo iliyokuwa kwenye cheti chao cha ndoa, chini kidogo ya dole gumba lake.

Akavuta fomu, akaweka dole.

Kidole kikanyooka. Safari hii bandeji walifunga manesi, na jioni Wenseslaus akarudi kilabuni. Theopista alipata viatu vya mitumba vya kufunga, akateremka Kwa Sadala kila siku ya soko, miaka mitano, mpaka walipomzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Wenseslaus alimuuliza siku ile ile ya kadi, wakiwa bado kwenye benchi la hospitali. Akamuuliza tena siku alipozidiwa. Sasa anapiga magoti jioni, anang'oa majani juu ya kaburi, anauliza: kama ulijua, Mama Gladness, mbona kila jioni uliniletea mguu?