Vishale Viwili

Ramani ya Uingereza ilifunika meza nzima ya jikoni. Mkewe Wilf alikuwa amechora kwa penseli njia ya baiskeli yao ya viti viwili, kutoka ncha ya kusini mpaka kaskazini kabisa mwa Uskoti. Kila palipochapwa vishale viwili, alama ya mlima mkali, penseli ilikwepa.

"Hapa mbona tunazunguka?" Wilf aliuliza.

"Kuna mgahawa. Keki zao tamu ajabu."

"Na hapa?"

"Keki vilevile."

"Mpenzi, kwa keki hizi nitakufa kabla sijauona mlima."

Mkewe alitaka kucheka, ila macho yalimkwama kwenye kola ya shati la Wilf, pale kovu la upasuaji lilipochungulia, bado jekundu.

Wilf alichukua kifutio. Akafuta mzunguko mmoja, akapuliza vumbi, akapitisha mstari juu ya vishale vyote viwili.

"Wilf! Na moyo wako?"

Hakuinua uso. "Tangu tuoane mimi ndiye nakaa mbele, na wewe nyuma unapiga pedali bila kuona njia. Safari hii usukani shika wewe."

Mkewe akavuta kiti, akaketi ubavuni kwake.

"Lete hicho kifutio. Mizunguko mingine naifuta mwenyewe."