Mtaa wa Mkondoni

Mwanatumu alikuwa akianika nguo nje ya nyumba yao mpya alipomwona jirani yake, Bi Saumu, akipakia magodoro kwenye mkokoteni.

"Unahama, bibi?"

"Nahama, mwanangu. Milimani kunanyesha tangu jana."

"Lakini huku jua linawaka."

Bi Saumu alikaza kamba. "Mitaa yetu yote majina yake yanaishia na 'ni'. Hiyo 'ni' inakwambia pale pana nini. Mkwajuni palikuwa na mkwaju, ukakatwa. Kisimani palikuwa na kisima, kikafukiwa. Hapa tunapaita Mkondoni. Na mkondo wa maji haukatwi wala haufukiwi. Waliotangulia walitutajia jina ili tusijenge."

Mwanatumu aliingia ndani akamweleza mumewe, Kombo, aliyekuwa akipaka rangi ukutani. Kombo akacheka.

"Jina tu hilo, Mama Shani. Mto uko mbali."

Mwanatumu alitaka kucheka naye, lakini nyayo zake zilihisi ubaridi. Sakafu ilikuwa imelowa. Karibu na mkeka aliolalia mtoto wao, maji yalikuwa yakipanda kutoka kwenye ufa, polepole, bila sauti.

Hakubishana. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, akapanda hadi barabarani.

"Kombo, njoo!"

Kombo alitokea mlangoni na ufagio, akisukuma maji nje. Alimpungia mkono kumwonyesha kuwa ni maji kidogo tu. Nyuma yake, kupitia mlango wa uani uliokuwa wazi, Mwanatumu aliuona ukuta wa ua ukiinama taratibu kuelekea nyumba.