Njia ya Vigae

Siku ya kuzindua njia ya wasioona, Bi Kazija alitangulizwa, wenzake kumi wakimfuata. Fimbo yake iliteleza juu ya mistari iliyoinuka kwenye vigae vipya.

"Tembea bila wasiwasi, mama," mhandisi alisema kwenye kipaza sauti. "Ukifuata mistari hupotei."

Alitembea mpaka fimbo ikakosa pa kugusa. Chini kabisa, maji ya korongoni yalikuwa yakinguruma.

"Mwanangu, mbona hapa pana shimo?"

"Hapo pana daraja, mama. Nimelichora mwenyewe."

Bi Kazija akageuka kuwazuia wenzake, lakini tarumbeta zikaanza kulia, zikaimeza sauti yake. Nyayo zake zikahisi vigae vikigongwa, karibu, karibu zaidi, hadi fimbo ya kwanza ikamgusa ugokoni.