Marahaba

Simu mpya za ghala la dawa zilipitia kwenye intaneti. Fundi alimweleza Bi Mwanakheri, mtunza ghala, kwamba sauti hukatwa vipande vipande, husafiri mtandaoni, kisha huungwa upande wa pili. Matawi yote matatu sasa yaliongea bure kutwa nzima.

"Ila namba inayotokea kwenye kioo," fundi aliongeza, "mtu anaweza kuighushi; siku hizi hata sauti huigwa kwa kompyuta."

Jumanne asubuhi simu iliita. Kioo kilionyesha namba ya bosi, Shadhili.

"Lori liko getini. Watolee chanjo zote, waondoke nazo sasa hivi."

Sauti ilikuwa yake hasa, hata ule mkwaruzo wa kooni. Bi Mwanakheri alishaushika ufunguo wa chumba cha baridi. Lakini kwa miaka tisa Shadhili, aliye sawa na mwanawe wa kumzaa, hata siku ya kumgombeza alianza na shikamoo.

"Marahaba," akasema, akasubiri.

"Nini?"

"Nimesema marahaba, mwanangu."



Nje, lori likapiga honi. Bi Mwanakheri akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno.