Buibui Aliyeunganisha Kampuni ya Asali

Bisheni mpaka jasho liwatoke, lakini Buibui aliunganisha kampuni nzima kwa uzi mmoja! Nyuki alitengeneza asali, Kobe aliitia mitungini, Swala aliipeleka, ila hakuna aliyemjulisha mwenzake. Mama Tembo, mteja wao wa pekee, akaapa kuwahama asali ikichelewa tena.

Buibui akawafunga uzi miguuni. "Ukimaliza, vuta, mwenzako ajue zamu yake. Umekutana na fundi, mzee Kobe!"

Nyuki akavuta, Kobe akavuta, Swala akatimka kama risasi! Asali ikafika chai ya Mama Tembo haijapoa.

"Fundi, umetisha!"

"Mimi tena, mama!" Buibui akatamba juu ya pembe ya Swala, kisha akashusha sauti. "Ila Kobe na Nyuki wako hapo nje, chali, wameburuzwa njia nzima. Nilisahau kwamba Swala anakimbia na mguu ule ule wenye uzi."