Kisigino cha Waziri

Waziri wa Kilimo aling'oa shina la muhogo, likaja jepesi, bila hata mzizi mmoja. Chini lilikuwa limekatwa kwa panga, na utomvu ulikuwa haujakauka.

Watu wa Pugu waliojipanga kando ya matuta wakainamisha vichwa. Jovina hakuinamisha. Shina lile lilikuwa lake. Jana bwana shamba aliyakata mashina haya shambani kwa Jovina, akaja kuyachomeka hapa, ili mgeni akute muhogo umepandwa kwenye matuta kama serikali ya Mwingereza ilivyoagiza.

Jovina alikuja kuona mikono ya Waziri tu, kama ni ya mkulima. Waziri aliyemjua ni yule wa hadithini, anayemnong'oneza sultani. Huyu wa kilimo, je, analima nini, na wapi?

"Tulihamisha kidogo, mheshimiwa," bwana shamba alisema, jasho likimtiririka.

Waziri alilirudisha shina ardhini, akalilaza upande kidogo, akavua kiatu na soksi, akashindilia udongo kwa kisigino mara mbili. Mama yake Jovina alikuwa akishindilia vivyo hivyo.

"Limetoka shamba la nani?" Waziri aliuliza.

Shambani kwa Jovina hapakuwa na tuta hata moja, na asiye na matuta alishtakiwa barazani. Bwana shamba alimkazia macho.

Jovina alikuwa bado anakitazama kile kisigino. Kilikuwa kimepasukapasuka kama chake.

"Limetoka kwangu, baba," alisema. "Vaa kiatu twende, njia ina miiba."